Siri ya Mgonjwa ni ya Nani?

Kazi ya muuguzi si kuchoma sindano na kufunga vidonda tu. Kila siku huwekewa mikononi mambo ambayo mgonjwa hakumwambia hata mama yake mzazi. Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na katika zahanati zetu kata hiyo ndiye muuguzi. Swali tunalotaka kulipima leo ni hili: kata ikijua kwamba yaliyomo mtungini yaweza kumdhuru mtu mwingine, je, inyamaze?

Swali hili si la darasani tu, hasa kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba katika Tanzania, kati ya watu wazima 100, wapatao 4 wana virusi vya UKIMWI. Lakini Njombe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hata mwaka 2012, walikuwa karibu 13. Iringa walizidi 11, na Mbeya walizidi 9. Basi hakuna muuguzi wa huko ambaye siku moja hatakutana na jambo hili.

Tuweke mfano. Mwanamume amepimwa, ameonekana ana virusi, naye amemsihi muuguzi asimwambie mtu. Baada ya siku chache mkewe aja katika zahanati ile ile na kuuliza, “Dada, mume wangu anatibiwa nini hapa?” Wako watakaosema: siri ni siri, anyamaze hata kufa. Wako watakaosema: mke ana haki ya kuishi, aambiwe palepale. Kila upande umeshika kipande cha kweli, wala hakuna uliokishika chote.

Tuanze na sheria. Sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 yawaagiza watumishi wa afya kuitunza siri ya aliyepimwa. Sheria hiyo hiyo yamwagiza aliyejijua kuwa na virusi amwarifu mwenzi wake mara moja. Tena yaruhusu majibu yafikishwe kwa mwenzi wake. Msomaji aangalie mpango huo: wajibu wa kusema umewekwa kwanza juu ya mume mwenyewe. Muuguzi ameruhusiwa, hakuamrishwa kukimbilia kusema. Nafasi iliyo kati ya ruhusa na amri ndiyo nafasi ya dhamiri.

Na dhamiri yasemaje? Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba siri tuliyokabidhiwa yatufunga kwa uaminifu, ila ahadi ya kunyamaza haiwezi kumfunga mtu pale ambapo kunyamaza kutamletea mwingine dhara kubwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yafuata njia hiyo: siri za kazi zitunzwe, isipokuwa pale ambapo dhara kubwa sana haliwezi kuepukwa kwa njia nyingine yoyote. Wasomaji wasichanganye jambo hili na muhuri wa kitubio, ambao hauna ruhusa ya kuvunjwa hata kidogo. Siri ya muuguzi ni amana ya kibinadamu. Ni nzito sana, lakini ina mpaka.

Mkazo wetu uko juu ya maneno yale, “kwa njia nyingine yoyote.” Maana njia nyingine ziko, na muuguzi hana haki ya kuziruka. Kwanza amrudie mwanamume yule, amweleze hatari bila kumtisha, wapatane siku ya kumwambia mkewe, na ajitolee kuwapo wakati huo. Mwenye kuogopa peke yake mara nyingi hupata ujasiri akiwa na mtu kando yake. Pili, mke naye ashauriwe kupima kwa haki yake mwenyewe. Anapouliza habari za mumewe, asidanganywe. Aambiwe kwa upole kwamba jambo hilo mumewe ndiye wa kulisema, na kwamba mlango u wazi waje wote wawili.

Lakini mume akikataa katakata, na hatari ikabaki? Hapo twasema waziwazi: uhai wa mke wazidi aibu ya mume. Hata hivyo muuguzi asiamue peke yake. Alifikishe jambo kwa mganga mfawidhi, mume aarifiwe mapema kwamba mkewe ataambiwa, na aambiwe mke tu, tena lile tu linalohitajika. Shangazi, jirani na wifi hawamo. Anayepeleka habari kisimani hakulinda uhai wa mtu, amesengenya tu.

Mizani hii ina mawe mengine pia. Leo yajulikana kwamba mwenye kutumia vizuri dawa za kufubaza virusi, hata virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Basi ukubwa wa hatari hupimwa kwa kila mtu, haukisiwi. Tena mara nyingi mke ndiye hujulikana kwanza, kwa sababu hupimwa katika kliniki ya wajawazito. Naye akitajwa kwa mumewe bila maandalizi aweza kupigwa na kufukuzwa. Neno lile lile lililomwokoa mwanamke mmoja laweza kumwangamiza mwingine. Kwa hiyo muuguzi aulize kila mara: ni nani atakayelipa gharama ya neno hili?

Wakuu wa zahanati na hospitali nao wasijiweke kando. Si haki kumwacha binti aliyetoka chuoni juzi abebe uamuzi huu usiku, kisha asubuhi alaumiwe. Kiongozi aweke utaratibu unaojulikana, afunge daftari kabatini, na akataze wagonjwa kuitwa kwa sauti inayotangaza ugonjwa wao. Baraza la Uuguzi na Ukunga laweza kumfuta mtumishi katika orodha yake, lakini hofu ya kufutwa peke yake haijamfundisha mtu hekima.

Mwisho twasema na nyumba zetu. Tusiwasumbue wauguzi walio ndugu zetu watuambie nani ameonekana wapi. Wagonjwa wengine huacha zahanati ya kijijini na kwenda mbali kutafuta dawa kwa kuogopa macho na midomo yetu, na nauli ikikosekana, dawa hukoma. Na wewe mume, au mke, uliyepewa majibu yako ukayaficha: usimwachie muuguzi mzigo ambao sheria na dhamiri vimeuweka kwanza begani mwako. Mwombe afuatane nawe, kisha mwambie mwenzi wako.