Mpiga Ngumi Ukuta Huumiza Mkonowe: Hulka ya Mfanyabiashara Mbele ya Tishio la Sheria

Methali isemayo "Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe" hufasiriwa mara nyingi kuwa ni onyo kwa mnyonge asishindane na mwenye nguvu, lakini fasiri hiyo ni finyu, kwa kuwa methali haimlaumu mtu kwa kusimama mbele ya ukuta, bali kwa kutumia ngumi pasipofaa ngumi. Kinachopimwa humo ni hulka, yaani maumbile ya ndani yanayomsukuma mtu kutenda kabla hajatafakari.

Utabibu wa kale, ambao Ibn Sina aliupanga katika kitabu chake cha Kanuni, ulizigawa hulka kwa kufuata majimaji manne ya mwili: damu, safura, balghamu na sauda. Mwenye safura alihesabiwa mwepesi wa hasira, mwenye balghamu mzito, na mwenye sauda mtu wa hofu. Tiba hiyo imepitwa na wakati, ila majina yake bado yanafaa kueleza yanayotokea dukani siku barua ya madai inapofika.

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Mocímboa da Praia hadi Palma na Quionga, barua hiyo huandikwa kwa Kireno, lugha rasmi ya Msumbiji, ilhali mwenye duka huenda anahesabu na kuwaza kwa Kimwani, Kimakonde au Kiswahili, hivyo muhuri humtisha kabla maneno hayajamfikia. Mwenye safura huichana na kumtukana aliyeileta, na kwa kufanya hivyo hupoteza ushahidi wa alichodaiwa na tarehe aliyodaiwa. Huo ndio mkono anaouumiza. Mwenye balghamu huisukumia chini ya daftari la madeni hadi muda wa kujibu unapita. Mwenye sauda huhamisha bidhaa usiku, jambo ambalo methali haikulitaja lakini limo katika mantiki yake, kwa maana anayeukimbia ukuta bila kuugusa hajui kama ni wa mawe au wa makuti.

Na pengine ukuta huo ni wa makuti. Iwapo barua inadai kiwanja lilipo duka, Sheria ya Ardhi ya Msumbiji namba 19 ya mwaka 1997 inasema kuwa ardhi ni mali ya dola, lakini inatambua haki ya kuitumia, iitwayo DUAT, kwa raia aliyeikalia kwa nia njema kwa miaka isiyopungua 10. Haki hiyo haifutwi kwa kukosa hati, na ushahidi wa mdomo unakubaliwa kuithibitisha. Zipo pia mahakama za jamii, zilizoundwa kwa sheria namba 4 ya mwaka 1992, ambazo hutanguliza suluhu katika migogoro midogo.

Hata hivyo, ni dhuluma kuuita kila woga udhaifu wa tabia. Sehemu kubwa ya pwani hiyo ya Cabo Delgado iliwahi kuwa chini ya Kampuni ya Niassa ya wakoloni, iliyotoza kodi ya nyumba kwa mabavu hadi ilipoondolewa mwaka 1929, na shambulio la waasi mjini Palma la Machi 2021 liliwatawanya watu wakaacha mali zao nyuma. Hofu ya namna hiyo imefundishwa na historia, mtu hakuzaliwa nayo.

Basi anayepokea barua ya madai na aandike nyuma yake tarehe aliyoipokea, amtafute asomaye Kireno vizuri, awaite majirani waliomwona akijenga, na asitie saini karatasi yoyote kabla ya hapo.