Dakika Tunazookoa ni za Nani?

Ukisema wewe ni mhandisi wa viwanda, watu wengi Nairobi hudhani unatengeneza mashine. Wapi! Mashine ina fundi wake. Sisi tunaangalia vile watu, mashine na malighafi vinakutana, halafu tunatafuta hatua isiyo na maana tuiondoe. Hiyo ni ukipata kazi yenyewe, manake wenzangu kadhaa wa darasani leo wanauza bima.

Bodi ya Wahandisi ipo, chini ya sheria ya mwaka 2011, na inasajili wahandisi. Lakini kuna swali ambalo cheti hakiulizi: dakika tunazookoa ni za nani?

Swali lenyewe ni la zamani. Mwaka 1911 Mmarekani Frederick Taylor alichapisha kitabu chake kuhusu usimamizi wa kisayansi. Anasimulia juu ya mpakiaji wa chuma aliyekuwa akipakia tani 12 na nusu kwa siku. Akapangiwa lini abebe na lini apumzike, akafika tani 47. Mshahara wake ukatoka dola 1.15 kwa siku hadi 1.85. Kazi karibu mara nne, pesa hata mara mbili haikufika. Taylor aliona hiyo ni haki.

Baadaye Wajapani wakatuletea neno linalochekesha darasani: muda. Kwao muda ni upotevu, kitu cha kufyekwa. Kwetu muda ni siku za mtu. Ukiambiwa kwa Kiswahili uondoe muda, lazima uulize unamwondolea nani.

Chukua viwanda vya nguo vya EPZ kule Athi River. Tuseme laini ina washonaji watano, kila mmoja anashona mifuko 60 ya jinzi kwa saa. Napanga meza upya, nasogeza kikapu karibu, kuinama kunaisha. Sasa kila mmoja anashona 75. Mwajiri anaweza kuuza zaidi na kugawana nao faida. Au anaweza kupiga hesabu kwamba wanne wakishona 75 ni zile zile 300, basi wa tano aende nyumbani. Kipimo changu kinamfaa kwa njia zote mbili.

Najua jibu la haraka: kiwanda kikizembea, oda zitahamia Bangladesh au Vietnam, na wote watano wataenda nyumbani. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi tuache kupima. Lakini ukweli huo hutumiwa kufunga mjadala kabla haujaanza. Hapa kwetu, ambapo kupata kazi nyingine kunaweza kuchukua miezi, yule wa tano si upotevu. Ana kodi ya nyumba tarehe 5.

Kwa hiyo kwenye ripoti zangu naweka safu moja ya ziada: dakika zilizookolewa zimeenda wapi? Kwa mapumziko, mshahara, faida, au mtu amefutwa? Meneja mmoja aliniambia hayo ni mambo ya idara ya wafanyakazi. Nikamuuliza, kwani idara hiyo inaamua kwa namba za nani? Hakunijibu, lakini ile safu hakuifuta.