Ukishushwa Ligi, Je, Umeshindwa?



Wiki chache zilizopita, baada ya mazoezi ya kwaya, kijana mmoja wa parokia alinivuta pembeni. Matokeo yake yalikuwa yametoka, alama hazikutosha kusomea udaktari, na amepangiwa kozi nyingine kabisa. Akaniuliza: "Frateri, Mungu akikupa kipaji halafu usifike kule kipaji kilikokuwa kinakupeleka, maana yake nini? Umeshindwa wewe, au Yeye alikudanganya?"

Nikamjibu harakaharaka, "Ni mapenzi ya Mungu." Akaitikia kwa adabu, akaondoka. Nikabaki na aibu, kwa sababu jibu hilohilo nililipewa mimi mwaka huu na halikunisaidia kitu. Wenzangu niliohitimu nao falsafa wameshaanza teolojia. Mimi nimeambiwa nibaki parokiani mwaka mwingine wa kichungaji: vigango, pikipiki, darasa la kipaimara. Nikiona picha zao kwenye simu, wamevaa kanzu nyeupe mbele ya maktaba, yaani moyo unauma. Nasema ukweli tu.

Basi leo najaribu kumjibu yule kijana vizuri zaidi. Nitapitia kwenye mpira wa kikapu, mchezo niliocheza tangu seminari ndogo, kwa sababu huko kuna mtu ambaye maisha yake yanaliweka swali hili peupe.

Kijana wa Coney Island

Stephon Marbury alizaliwa mwaka 1977 huko Coney Island, Brooklyn, pembezoni mwa jiji la New York, katika maghorofa ya watu wa kipato cha chini. Nyumbani walikuwa watoto 7. Kaka zake watatu walicheza kikapu hadi vyuoni, lakini hakuna aliyeingia NBA. Ndoto ya familia nzima ikamwangukia yeye. Alipokuwa sekondari ya Lincoln, tayari alikuwa gumzo la jiji. Akacheza mwaka mmoja tu chuo cha Georgia Tech, kisha mwaka 1996 akawa wa nne kuchaguliwa kati ya wachezaji wapya wa NBA. Milwaukee walimchagua na papo hapo wakambadilisha na Ray Allen, akaenda Minnesota akiwa na miaka 19.

Fikiria ugumu wa mlango huo. NBA ina timu 30, na kila timu ina nafasi 15 za mikataba ya kawaida. Hizo ni nafasi 450 kwa dunia nzima. Yeye akaingia, na hakuingia kukaa benchi. Aliteuliwa mara mbili kwenye mchezo wa nyota wa ligi, mwaka 2001 na 2003.

Lakini hakutulia. Minnesota alikuwa na Kevin Garnett, na watu waliamini wawili hao wangetawala kwa miaka mingi. Mwaka 1999 akaondoka kwenda New Jersey, halafu Phoenix, halafu Januari 2004 akarudi nyumbani, New York Knicks. Akiwa mchezaji mkuu wa timu hakuwahi kuvuka raundi ya kwanza ya mtoano. Aligombana na makocha hadharani. Uwanja wa Madison Square Garden, uliompokea kama mtoto wa nyumbani, ukaanza kumzomea. Desemba 2007 baba yake akafariki. Msimu wa 2008–09, akiwa na mkataba wa takriban dola milioni 20, Knicks hawakumchezesha hata dakika moja. Akamalizia msimu Boston, benchi.

Julai 2009 akajirusha mubashara mtandaoni kwa saa nyingi. Watu wakamwona akilia, wakamwona akila vaselini, na dunia ikacheka. Miaka kadhaa baadaye alieleza mwenyewe hadharani kwamba katika kipindi kile kulikuwa na siku alitamani kufa. Kumbe tulikuwa tunamcheka mtu anayezama. (Kijana unayesoma hapa, kama uko kwenye giza la namna hiyo, usibaki nalo peke yako. Mwambie mtu leo: mzazi, padre, rafiki, daktari. Kusali na kutafuta msaada havipingani.)

Alishuka, au?

Januari 2010 Marbury akapanda ndege kwenda China, kuchezea timu ya mkoa wa Shanxi. Kwa hesabu ya NBA huko ni kushuka, tena kushuka sana. Baada ya nusu msimu akahamia Foshan, kisha mwaka 2011 akajiunga na Beijing, timu ambayo ilikuwa haijawahi kutwaa ubingwa wa ligi. Mwaka 2012 wakautwaa. Wakautwaa tena 2014 na 2015. Wakamjengea sanamu karibu na uwanja. Alicheza mpaka Februari 2018, siku chache kabla ya kutimiza miaka 41, na mwaka uliofuata akawa kocha palepale Beijing.

Sasa swali la kifalsafa: mtu huyu alishindwa au alifaulu? Ukijibu "alishindwa", umesema kwamba thamani ya kipaji inapimwa kwa ngazi kilipofikia. Ukijibu "alifaulu, si alipata ubingwa na sanamu", angalia vizuri, maana umetumia kipimo kilekile. Umebadilisha ngazi tu.

Aristotle aliliona tatizo hili. Anasema heshima haiwezi kuwa lengo kuu la maisha, kwa sababu iko zaidi mikononi mwa wanaoitoa kuliko mwa anayeipokea. Uwanja uleule uliokushangilia 2004 unakuzomea 2008. Kama furaha yako waliishika wao, wataondoka nayo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anachimba zaidi. Anauliza kama heri ya mwanadamu inaweza kuwa katika sifa na utukufu, na anajibu hapana. Hoja yake, nikiieleza kwa maneno yangu, ni hii: binadamu akikujua kuwa una jambo jema, hakulifanya yeye jambo hilo. Amelikuta. Tena anaweza kukosea, akasifu upuuzi au akadharau dhahabu. Lakini Mungu hakuti wema kwako. Ujuzi wake ndio chanzo cha wema wenyewe. Kwa hiyo heri yako inategemea unavyojulikana na Mungu.

Mfano. Mwaka 2006, akiwa katikati ya miaka yake mibaya ya New York, Marbury alitoa viatu vya kikapu vilivyouzwa kwa dola 14 na senti 98, wakati viatu vya nyota wengine vilipita dola 100. Alitaka mtoto wa maghorofa kama yale aliyokulia asimtese mama yake kwa sababu ya viatu. Yeye mwenyewe akavivaa kwenye mechi za NBA. Wema huo ulikuwapo kabla ya sanamu yoyote, na miaka miwili baadaye alikuwa anazomewa. Kuzomea hakukuufuta. Sanamu ya Beijing nayo haikuuongeza.

"Sizitaki mbichi hizi"

Najua kuna atakayesema: Frateri, hiyo ni falsafa ya sungura. Zabibu zimekuwa juu, sasa unasema ni mbichi. Aliyekosa udaktari anajifariji kwamba udaktari si kitu.

Ni pingamizi la haki. Sisemi NBA si kitu. NBA ni tamu, udaktari ni mtamu, na kama kuna njia halali ya kujaribu tena, jaribu tena. Wala sisemi Marbury hakuwa na makosa. Kiburi chake kilichangia anguko lake. Ninachosema ni kwamba kuna jambo moja unaweza kulifanya katika ligi yoyote, na kuna jambo moja litakuharibu katika ligi yoyote.

Turudi kwenye Mathayo 25. Mtumwa wa talanta tano alizalisha tano, wa mbili akazalisha mbili. Soma polepole uone: sifa waliyopewa ni ileile, neno kwa neno. Bwana wao hakuuliza walifanyia biashara soko gani. Aliyekemewa ni yule aliyechimba shimo, na sababu aliyotoa ni woga.

Shimo la siku hizi linachimbwa kwa sentensi moja: "Kama si pale nilipopataka, basi." Marbury angeweza kuchimba. Alikuwa na fedha, alikuwa na jina, na kulikuwa na aibu ya kutosha kumfanya akae ndani. Alienda Shanxi, akaenda Foshan, na kote huko hapakuwa na ubingwa wala sanamu. Aliendelea kucheza. Alipofika Beijing alikuwa na miaka 34, umri ambao wengi wanastaafu.

Mwanzo 37 hadi 50 ni habari ya namna hiyo. Yosefu ana kipaji cha ndoto, nduguze wanamchukia kwa sababu yake, anauzwa Misri. Huko anatumikia nyumbani kwa Potifa, kisha gerezani. Alipokutana na wafungwa wenzake wenye nyuso za huzuni, aliwauliza wana nini, akatumia kipaji chake palepale kwenye ligi ya gereza. Hakujua kuna Farao mbele. Mmoja wa wafungwa hao alipotoka alimsahau miaka miwili, na yale aliyomfanyia gerezani yalibaki kuwa mema.

Mimi na darasa la kipaimara

Sasa niungame kidogo. Darasa langu la kipaimara lina watoto 23. Nimekuwa nikiwafundisha huku nahesabu miezi. Naandaa somo kwenye pikipiki, njiani. Wakiuliza swali gumu nawaambia tutaliona wiki ijayo, na wiki ijayo hatulioni. Nilikuwa najiona mtu aliyefukiwa na wakubwa wake, kumbe shimo nilikuwa nachimba mwenyewe, taratibu, kila Jumamosi.

Sijapata amani yote. Picha za wenzangu bado zinauma. Lakini yule kijana nitamtafuta Jumapili hii baada ya Misa ya pili, na safari hii nitakaa naye. Nitamwambia Mungu hakumdanganya, na kwamba bado hajashindwa. Atajua kama ameshindwa pale atakapofika kwenye kozi asiyoitaka na kuamua kama atacheza au atakaa.

Tujiulize wiki hii:

1. Ni wapi nimeacha kucheza kwa sababu si ligi niliyoitaka?
2. Ni nani anashika furaha yangu: Mungu, au wanaonishangilia?
3. Kuna mtu ninayemcheka ambaye huenda anazama?

Tusali: Ee Bwana, wewe unanijua kabla watu hawajanijua. Unipe neema ya kukutumikia hapa uliponiweka leo, na uniondolee woga unaonifanya nichimbe shimo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.