Kazi Iliyokwama na Deni la Mjitolea

Je, anayejitolea bila ya malipo ana deni? Wengi husema hana: aliyetoa kwa hiari aweza kuacha kwa hiari, wala hapana kadhi wa kumhukumu. Jawabu hilo lafaa kwa sadaka ya fedha, ambayo ikishatoka mkononi imekwisha. Halifai kwa sadaka ya kazi, maana kazi hupokewa kwanza na kurejeshwa baadaye, na baina ya mawili hayo kuna watu wanaongoja.

Mfano wake umo katika kompyuta za nyumbani. Tangu SETI@home ilipofunguliwa mwaka 1999, watu wameazima nguvu za mashine zao zinapokaa bure, zikokotoe vipande vya hesabu kubwa za kisayansi. Bara letu lilihusika kwa karibu katika malariacontrol.net, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2006 na kufungwa 2016. Humo watafiti wa Uswisi walipima, katika jamii za kubuni, namna malaria inavyoenea na jinsi kinga mbalimbali zinavyoipunguza. SETI@home nayo iliacha kugawa kazi mwaka 2020. Einstein@Home ingali inagawa.

Na achukuliwe mtu wa Igamba, huko Mbozi, nchi ya kahawa na ya kile kimondo mashuhuri. Kompyuta yake imepokea kipande, kikafika asilimia 98, kikasimama siku mbili. Afanyeje? Asiuamini muda uliobaki unaoonyeshwa kiooni, kwani huo ni ubashiri mtupu. Atazame muda uliotumiwa na prosesa: ukiongezeka, kazi inakwenda japo asilimia haisogei. Usipoongezeka, atafute sababu zilizo karibu. Yumkini programu imeamriwa isimame mwenyewe anapoitumia mashine, au mashine inapotumia betri. Yumkini diski imejaa. Kisha aifunge programu na kuifungua upya. Kazi itaanzia pale ilipohifadhiwa mara ya mwisho, na yaliyofanywa baada ya hapo hupotea, kama yapoteavyo umeme unapokatika. Mashine inayozimwa kila jioni kabla ya kuhifadhi chochote hurudi mwanzo kila asubuhi. Huko ni kuchota maji kwa pakacha.

Na ikishindikana? Hapa ndipo penye swali. Seva haijui yaliyotokea Igamba; inajua tarehe ya mwisho tu. Mwenye kompyuta akinyamaza, seva itangoja hadi tarehe hiyo ndipo ipeleke nakala kwingine. Tena miradi mingi hutuma nakala mbili ili majawabu yalinganishwe, basi yuko mjitolea wa pili, pengine aliyekwisha maliza, anayengojeshwa bila ya kujua sababu. Lau ile kazi ingekatizwa na mashine ikawasiliana na seva, nakala mpya ingetumwa kwa mwingine.

Kukatiza kwaonekana kama kushindwa, ndiyo maana wengi huona haya. Aidha huuhesabu umeme wa LUKU uliokwisha liwa, kana kwamba utarudi kwa kuongezewa mwingine. Subira husifiwa sana pwani, na inastahili. Lakini kusubiri kwa saa za mwenzio si subira.

Haidaiwi kazi imalizwe kwa vyovyote. Inadaiwa habari. Kwa hiyo mwenye safari ya wiki mbili kwenda Dar es Salaam huiamuru programu, siku kadhaa kabla, isipokee kazi mpya. Huziacha zilizomo zimalizike na kupelekwa, ndipo azime mashine.