Aliyeambiwa Aondoke Mezani

Somo: Mwanzo 26:12-22



Isaka alipanda katika nchi ya Gerari, akavuna mara mia mwaka ule ule, kwa kuwa Bwana alimbariki. Wafilisti wakamhusudu, wakavifukia visima vya baba yake. Mwisho mfalme Abimeleki mwenyewe akamwambia atoke kwao, maana amewazidi nguvu. Isaka hakuwa mwivi wala mwuaji. Kosa lake lilikuwa kufanikiwa.

Liko jambo la dunia ya leo lifananalo na hilo kwa sura ya nje. Huko Marekani, jimbo la Nevada liliruhusu kamari kwa sheria mwaka 1931, na mji wa Las Vegas umejaa nyumba za kamari ziitwazo kasino. Humo huchezwa karata za ishirini na moja. Mchezaji hushindana na mgawaji wa nyumba, kila mmoja akitaka kuikaribia hesabu ya 21 bila kuipita. Mwaka 1962 mwalimu wa hesabu, Edward Thorp, alitoa kitabu kuonyesha kwamba mtu akiziangalia karata zilizokwisha kutoka, aweza kupima zilizobaki. Zikitoka ndogo nyingi, zikabaki za kumi na ree, faida humwelekea mchezaji, naye huongeza dau.

Kuhesabu hivyo kwa akili tupu si kosa la sheria huko Nevada. Lakini wenye nyumba wakimtambua mtu huyo, msimamizi humjia na kumwambia aondoke mezani. Akikataa kutoka, au akirudi baada ya kukatazwa, ndipo awapo mkosaji mbele ya sheria. Basi, mtu aliyeambiwa hivyo imempasa afanyeje?

Kwanza, aondoke kwa utulivu. Isaka aliondoka, akapiga hema bondeni. Watumishi wake wakachimba kisima, wachungaji wa Gerari wakakigombania. Akakiita Eseki, akakiacha. Wakachimba cha pili, nacho kikagombaniwa. Akakiita Sitna, akakiacha pia. Hivyo na mtu huyu achukue kilicho chake, abadilishiwe fedha yake, atoke. Asimtukane mgawaji wa karata, maana yule ni mtu wa mshahara, naye ametumwa. Wala asirudi kwa hila. Ken Uston, mchezaji aliyejulikana sana katika miaka ya 1970 na 1980, alikuwa akijibadili sura ili apate kuketi tena katika meza alizofukuzwa. Ni utumwa mzito, ndugu zangu, mtu kuuficha uso wake ili apate kiti.

Pili, akiona amedhulumiwa, adai haki kwa njia ya haki. Kule Filipi wakuu wa mji walitaka Paulo na Sila waende zao kwa siri, baada ya kuwapiga hadharani. Paulo alikataa, akataka waje wenyewe kuwatoa. Wakaja, wakawasihi, ndipo walipokwenda kuwafariji ndugu, wakatoka mjini. Alinena haki yake, kisha akaondoka. Uston naye, alipofukuzwa Atlantic City mwaka 1979, aliwashitaki wenye nyumba. Mwaka 1982 mahakama ya juu kabisa ya New Jersey ikaamua kwamba kasino haina ruhusa ya kumtoa mtu kwa sababu ya kuhesabu karata tu, ikiwa tume ya serikali haikuweka kanuni hiyo. Lakini tazameni mwisho wake: kasino ziliruhusiwa kuzichanga karata mara nyingi zaidi, na ile faida ya mwenye kuhesabu ikapungua. Alishinda barazani, kumbe mezani mwenye nyumba ni yule yule.

Tatu, ajiulize ile ni meza ya namna gani. Apotezaye mshahara wake huachwa aketi hata alfajiri, na kinywaji huletewa bure. Apataye ndiye aambiwaye atoke. Hapo ndipo Isaka na mcheza kamari waachanapo. Isaka aliilima ardhi, na mavuno yake hayakumpokonya mtu chakula. Bali fedha ya meza ile imekusanywa kwa wale walioshindwa, na nyuma ya kila mmoja wao wako mke na watoto. Nyumba kama hizo zimo hata Dar es Salaam na Nairobi. Msidhani nasema habari za mbali. Kwa hiyo mlango alioonyeshwa mtu kwa ukali huenda ukawa mlango wa rehema. Asisimame nje akinung'unika. Na aende zake akachimbe mahali pengine.

Maana Isaka alipoendelea mbele alichimba kisima cha tatu, wala hawakukigombania. Akakiita Rehobothi, yaani nafasi. Hakuipata kwa kushindana langoni pa Gerari.

Nasi tunayo meza nyingine, Meza ya Bwana. Hapo huitwa waliopoteza yote, wala hafukuzwi mtu kwa kupokea neema nyingi mno. Kama yuko kati yetu ambaye ada ya mtoto wake iliishia katika kamari, asione haya kumjia mchungaji wake na kusema. Nafasi ipo.

Bwana atufundishe kuondoka bila chuki, na kuketi pale alipotuandalia. Amina.