Akina Baba, Ziwa Likifungwa



Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali inafunga uvuvi hapa Ziwa Mweru. Nyavu zinaanikwa, mfuko unakauka, na baba aliyekuwa akishinda amelala kwa uchovu wa usiku ziwani sasa yupo nyumbani kutwa. Hapo ndipo mkono unapokuwa mwepesi kumchapa mtoto. Nawaambia wa Kashikishi, nawaambia pia mliokimbia Kongo mkapokewa katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala tangu 2018.

Anas bin Malik alimtumikia Mtume, rehema na amani zimshukie, miaka kumi tangu utotoni, na akasimulia kwamba hakuguniwa hata mara moja. Miaka kumi! Sisi adhuhuri haijafika tumeshafoka.

Lakini kusikia peke yake hakutoshi. Mawaidha mnayapata kila Ijumaa na fimbo bado ziko nyuma ya mlango. Huko Lofa, Liberia, kwa watu waliopitia vita, shirika la misaada la IRC liliwaandikisha wazazi 270 wenye watoto wa miaka mitatu hadi saba. Kura ikaamua nani aanze mafunzo na nani asubiri. Walioanza walikutana kwa vikundi. Walifanya mazoezi ya kumsifu mtoto, kucheza naye, kumtuliza bila kumpiga, kisha wakarudi kueleza mbele ya wenzao yaliyowashinda. Matokeo yalichapishwa 2015: adhabu kali zilipungua kwa zaidi ya nusu. Haki isemwe, vipimo vya akili za watoto havikupanda, na somo la malaria lililochanganywa humo halikubadili mwenendo wa nyumbani. Kwa wilaya yetu ya Nchelenge malaria si jambo dogo. Vyandarua tutavihimiza siku yake.

Najua kuna mzee anaikumbuka hadithi ya kumchapa mtoto wa miaka kumi asiyesali. Sawa, mzee wangu. Je, humo umeona ruhusa ya kumchapa mtoto wa miaka minne aliyemwaga uji? Na sheria ya watoto ya Zambia ya 2022 inakataza viboko hata nyumbani.

Basi tuanze kikundi chetu ziwa likifungwa, kila wiki baada ya alasiri. Akina mama watakuja, hao sina shaka nao. Leo mkitoka, daftari liko mlangoni: baba mwenye mtoto mdogo aandike jina lake kwanza, ndipo la mkewe.