Mkitafuta Shule, Msiipoteze Nyumba



Baba na mama wapendwa, mwaka unapokaribia kwisha, wazazi wengi wa watoto wadogo huanza kukosa usingizi. Hapa Gatitu utawaona asubuhi na mapema kwenye njia panda wakingojea matatu ya kwenda Nyeri mjini, wamemshika mkono mtoto wa miaka minne au mitano. Amevalishwa sweta safi, viatu vinang'aa, na njia nzima mama anamwuliza: "Hii ni rangi gani? Baada ya kumi na tisa ni ngapi? Mwalimu akikuuliza jina la baba utasemaje?" Mtoto anapelekwa kufanyiwa intaviu ya kuingia akademi. Wakati huo baba yuko nyumbani akipiga hesabu ya karo, au yuko shambani akijaribu kutoifikiria.

Mwezi huu ningependa tuzungumze juu ya jambo hili, kwa sababu nimeona likizivunja moyo ndoa ambazo umaskini wenyewe haukuweza kuzivunja.

SI DHAMBI KUMTAKIA MTOTO MEMA

Kwanza niseme wazi: mzazi anayemtafutia mtoto wake shule nzuri hatendi dhambi. Anatimiza wajibu wake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 797, inatambua uhuru wa kweli wa wazazi katika kuchagua shule. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba kufikiria shule ni mambo ya kidunia yasiyomhusu Mkristo.

Tena sisi watu wa Mlima Kenya tunajua kiu ya elimu. Babu zetu, ambao wengi wao hawakujua kusoma, walichanga senti zao wakajenga shule za kujitegemea, na mwaka 1939 wakaanzisha chuo cha ualimu Githunguri. Shule hizo zilipofungwa wakati wa Hali ya Hatari mwaka 1952, wazazi walizililia kama mtu anavyolilia mali yake.

Baadaye, mwezi wa Januari 2003, elimu ya msingi katika shule za umma ilifanywa ya bure. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ilipanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi zaidi ya milioni 7. Watoto waliokuwa wameachwa nje waliingia, na hiyo ilikuwa neema. Lakini madarasa yalijaa, mwalimu mmoja akabaki na watoto wengi mno, na wazazi waliokuwa na kitu kidogo wakaanza kuhamia akademi. Wengi walisukumwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sababu yake.

Basi ubaya uko wapi? Uko pale ambapo kiti cha mtoto darasani kinakuwa kiti cha wazazi mbele ya majirani.

MAMA YAO WANA WA ZEBEDAYO

Fungueni Injili ya Mathayo, sura ya 20, kuanzia aya ya 20. Hapo tunamkuta mama mmoja amekuja kwa Yesu na wanawe wawili, Yakobo na Yohane. Anapiga magoti na kuomba nafasi: mmoja aketi kuume na mwingine kushoto katika ufalme. Mama huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzazi kama wewe na mimi, amesikia kwamba nafasi ni chache, akataka kuwahi kabla ya wengine.

Yesu hakumfukuza. Aliwageukia vijana wenyewe na kuwauliza kama wataweza kukinywea kikombe atakachokinywea yeye. Angalieni pia kwamba Marko, anapoisimulia habari hii katika sura ya 10, anasema ni wale vijana wenyewe walioomba. Je, lilikuwa ombi la mama au la wana? Mimi naona hapo fundisho kwetu: mzazi akitamani sana ukubwa, baada ya muda tamaa ile huingia kinywani mwa mtoto, na hakuna ajuaye tena ilianzia kwa nani. Tena ombi lile lilileta ugomvi palepale, kwani wale mitume kumi waliposikia walikasirika.

Mathayo anaendelea kutuonyesha jambo la ajabu zaidi. Katika sura ya 27 anasema kwamba mama huyohuyo alikuwa miongoni mwa wanawake waliotazama Yesu akisulubiwa. Alipoinua macho aliona ni nani waliowekwa kuume na kushoto: wanyang'anyi wawili. Huenda hapo ndipo alipoelewa alichokuwa ameomba.

NDOA INAPOFANYIWA INTAVIU

Katika jumuiya moja, ambayo sitaitaja, kulikuwa na mume na mke walioishi kwa amani. Mume alikuwa fundi wa ujenzi na alikuwa na shamba dogo la kahawa. Mke aliuza mboga sokoni. Kifungua mimba wao alipofika umri wa kwenda PP1, mume alisema lazima aingie akademi fulani, kwa kuwa watoto wa ndugu yake walikuwa huko. Mke alipouliza karo itatoka wapi, alijibiwa: "Mama watoto, hayo niachie mimi."

Mtoto alifanya intaviu akapita. Nyumba ilijaa furaha. Lakini pamoja na barua ya kumkubali ikaja orodha: pesa za kuingia, sare, vitabu, gari la shule. Mume hakuwa na kazi mwezi ule, na kahawa ilikuwa bado haijalipwa. Mke, asitake kumwona mumewe akiaibika mbele ya ndugu yake, alikopa katika chama cha wanawake bila kumwambia. Mume naye, kwa upande wake, alichukua mkopo mwingine bila kumwambia mkewe. Kila mmoja alifikiri kwamba anamsaidia mwenzake.

Muhula wa pili mtoto alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Wiki hiyohiyo wanawake wa chama walifika langoni kudai pesa zao, na mume akajua. Tangu siku ile wakaacha kuzungumza, na mtoto wa miaka mitano akafanywa tarishi: "Mwambie baba yako chakula kiko mezani." "Mwambie mama yako sina njaa." Jioni moja mtoto yule akawaambia: "Mimi nitaacha shule ndiyo msigombane."

Wapenzi wasomaji, wapiganapo tembo nyasi huumia. Mtoto yule alikuwa amefundishwa rangi na namba, lakini somo aliloshika vizuri kuliko yote ni kwamba yeye ni mzigo.

Ashukuriwe Mungu, neno hilo liliwaamsha. Walikwenda kwa mume na mke wazee wa jumuiya yao, wakaweka madeni yote mezani, kila mmoja ya kwake. Wakamhamishia mtoto shule ya umma iliyo karibu na nyumbani, wakalipa madeni polepole. Mume aliniambia kwamba kumweleza ndugu yake habari ya kuhama kulikuwa kugumu kuliko kulipa deni. Nilimwamini.

MTOTO ANAPOKATALIWA

Kuna wazazi wengine ambao jaribu lao ni tofauti: mtoto alifanya intaviu akakataliwa. Pengine aliogopa akanyamaza. Pengine alilala vibaya. Mtoto wa miaka minne akikataa kuzungumza na mtu asiyemjua, hiyo ni hekima ya umri wake, wala si ujinga.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inazikataza shule za umma kumpa mtoto mtihani wa kumkubali au kumkataa. Zinaweza tu kumpima ili kujua darasa linalomfaa. Shule za binafsi nyingi huendelea na intaviu zao. Lakini ninyi wazazi hamna ruhusa ya kumkataa mtoto mara ya pili nyumbani. Kumwambia "umetuaibisha", au kumlinganisha na mtoto wa jirani, ni kumpa jeraha ambalo karo yoyote haiwezi kulitibu. Kumbukeni Marko 10, aya ya 13 hadi 16: wanafunzi ndio waliowazuia watoto, lakini Bwana aliwakumbatia na kuwabariki. Hakumwuliza hata mmoja wao anajua nini.

Wala msifikiri kwamba mlango ukifungwa mtoto akiwa na miaka minne, basi maisha yamefungwa. Hapa hapa Nyeri, kijijini Ihithe, alizaliwa Wangari Maathai mwaka 1940. Alianza shule akiwa na miaka minane, katika shule ya kijiji, baada ya kaka yake kuuliza kwa nini Wangari hasomi kama wao. Kutoka hapo alikwenda kwa masista wa Mathari, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Mlango wake ulifunguliwa na kaka aliyeuliza swali na mama aliyekubali.

Na mwenye heri Sista Irene Stefani, aliyeitwa Nyaatha, yaani mama wa huruma, na ambaye alitangazwa mwenye heri papa hapa Nyeri mwaka 2015, alifundisha Gikondi tangu 1920 hadi kifo chake mwaka 1930. Alipanda na kushuka vilima akiwatafuta watoto waje shuleni. Shule ndiyo iliyomtafuta mtoto.

YA KUFANYA

1. Amueni wawili, kabla ya kununua fomu. Neno "niachie mimi" si upendo likifunga mlango wa mazungumzo. Zimeni simu, mwekeni mtoto alale, kisha semeni ukweli: tunapata nini, tunadaiwa nini, tunamtaka mtoto awe mtu wa namna gani.

2. Hesabuni mihula yote. Kutoka PP1 hadi gredi ya 9 ni miaka 11, yaani mihula 33. Mkiwa na watoto watatu, ni mihula 99. Msijiulize kama mnaweza kulipa muhula wa kwanza. Jiulizeni juu ya ule wa 33, na juu ya mdogo wake. Na ninyi wa kahawa mnajua kwamba malipo ya kahawa hayafuati kalenda ya shule. Bwana mwenyewe, katika Luka 14, alimsifu ajengaye mnara anayeketi kwanza na kuhesabu gharama.

3. Msiuze nguzo ya nyumba. Shamba linalowalisha, au ng'ombe mnayemtegemea kila siku, si vitu vya kununulia jina la shule. Na deni la siri, hata likiwa la nia njema, ni uongo ndani ya ndoa.

4. Itembeleeni shule siku ya kawaida. Msitazame rangi ya gari na urefu wa lango. Tazameni idadi ya watoto kwa kila mwalimu, usafi wa vyoo, na jinsi mwalimu anavyozungumza na mtoto aliye mzito kuelewa. Ulizeni mtoto ataamka saa ngapi. Anayeamka saa kumi usiku kulifuata gari, akirudi giza likiingia, atawajua wazazi wake lini?

5. Msiitafute shule ya jana. Wengi wetu tulifanya KCPE, na bado tunapima shule kwa mtihani ule. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Msimtese mtoto wa leo kwa ajili ya ngazi iliyokwisha kuondolewa.

6. Msiukabidhi wajibu wenu. Kanuni ya 798 inasema kwamba kama hamwezi kumpeleka mtoto katika shule inayotoa malezi ya Kikatoliki, mnapaswa kuyatafuta nje ya shule. Ishara ya msalaba, sala ya jioni, kusema asante na kuomba radhi: hayo hufundishwa nyumbani, na hayana karo.

Kama mna uwezo, na mmepatana, na mtoto ana furaha, mpelekeni akademi kwa amani, wala msiwadharau ambao hawakuweza. Kama uwezo hamna, mpelekeni shule ya karibu bila aibu, mkamsaidie mwalimu, mkahudhurie mikutano ya wazazi. Shule ya kawaida yenye wazazi wanaojali si shule ya kawaida tena.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA, MUME NA MKE

- Ni nani hasa ninayetaka kumpendeza kwa shule hii: mtoto, ndugu, majirani, au mimi mwenyewe?
- Je, kuna deni au ahadi juu ya karo ambayo mwenzangu haijui?
- Mara ya mwisho mtoto wetu aliposhindwa jambo, tulimwambia neno gani?

SALA

Ee Yesu, uliyeishi Nazareti chini ya Maria na Yosefu, ukikua katika hekima na kimo, utufundishe kuwapenda watoto wetu kabla hawajashinda lolote. Utupe mkate wa leo, karo ya haki, na mioyo inayosema ukweli sisi kwa sisi. Tukikuombea watoto wetu viti, utukumbushe kwanza kikombe. Amina.